Mzee Tarumbeta na Tofi za Bure

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu Pini, fundi wa mashati yasiyofungika,

Pokea salamu za kaka yako, mzima wa mwili, wa akili na wa mdomo. Mgongo unauma kidogo kwa kubeba spika, lakini hayo ni maumivu ya watu mashuhuri, wewe huwezi kuyaelewa. Baba mpe shikamoo yangu. Mpe mara mbili, ya pili aiweke akiba.

Barua hii uisome kwa sauti baada ya chakula cha jioni kama tulivyozoea, na usiruke mistari. Najua simu ipo. Lakini tangu siku ile tulipogombana kwenye simu mpaka jirani yako akaja kutuamua, tulikubaliana kwamba mambo ya familia ni ya karatasi. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa Juni, Jumamosi ya pili, kutakuwa na tamasha la muziki kwenye bustani kubwa ya mji huu. Ni la wazi, kwenye majani, mchana kweupe. Ni la familia: hakuna pombe, hakuna matusi, kila mtu aje na mkeka wake na watoto wake. Kiingilio hakuna. Na kwa kuwa wafadhili ni kiwanda cha peremende, kutakuwa na tofi za bure, bisi za bure na aisikrimu za bure. Nasema bure, Pini. Hata mimi niliuliza mara ya pili.

Nani mkuu wa sauti? Ni mimi. Waandalizi walitafuta mtu mwenye vyeti, wakapata mtu mwenye masikio. Darasa la saba nililipenda nikalirudia, huo ndio mwisho wa shule yangu, lakini nimefunga spika kwenye miji ambayo walimu wangu waliiona kwenye ramani tu.

Na nani atafungua jukwaa? Baba! Mtu aliyepiga tarumbeta kwenye bendi ya kiwanda cha sabuni mpaka watu wakawa wanaingia zamu wakicheza. Nimeshawaambia. Kwenye bango wameandika MZEE TARUMBETA kwa herufi kubwa kuliko za yule kijana mwenye miwani ya jua ambaye redioni wanamsifu kila asubuhi.

Mje wote. Na huyo mpwa wangu, nasikia meno yake ya mbele yameondoka bila kuaga. Kuanzia leo jina lake ni Kibogoyo. Mwambie Mjomba anauliza: ukisema "sisimizi", anayekaa mbele yako anahitaji mwavuli? Huo mdomo sasa ni geti la shule siku ya likizo, wazi na hakuna mtu. Tofi za bure atazifanyia nini? Atazipapasa? Mtu asiye na meno kwenye sherehe ya tofi ni kama kipara kwenye foleni ya vitana. Namwonea huruma, nacheka mpaka machozi.

Nijibu upesi, waandalizi wananitegemea.

Kaka yako wa pekee (na angekuwepo mwingine bado ningekuwa bora),
Honi

Tarehe 21 Machi

Kaka Honi,

Shikamoo. Barua imefika, imekunjwa vibaya kama mashati yako. Sisi tupo. Cherehani ilikata mkanda, nikafunga wa muda, inakwenda kwa kuchechemea lakini inakwenda. Kibogoyo amelipenda jina lake, sasa hataki kuitwa jingine, hata shuleni.

Barua niliisoma kwa sauti kama kawaida. Tulipofika kwenye geti la shule siku ya likizo, mtoto alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Baba aliinuka akaenda chumbani kwake. Barua yako nimeimaliza nikimsomea mtoto peke yake.

Kuhusu tamasha, Baba hatakuja. Tarumbeta iko chini ya kitanda na huko imepata pa kukaa. Jina lake walifute kwenye bango.

Haumwi, kabla hujaanza. Anakula uji. Siku hizi anapenda kukaa chumbani na mlango amefunga. Nilimnunulia kioo kipya kile cha kusimama mezani, anakitumia sana. Akitoka anashika leso karibu na mdomo na anaongea polepole. Amezeeka, basi. Watu huzeeka.

Usiniulize zaidi ya hapo.

Mdogo wako,
Pini

Tarehe 2 Aprili

Pini, Pini, Pini,

Salamu kwanza, maana mimi ni mtu wa adabu. Huku mvua imenyesha juu ya nyaya zangu, nimepigwa shoti kidogo, nywele zimesimama, wasichana wa ofisi ya bustani wanasema nimependeza.

Sasa. Wewe unashona nguo lakini macho huna. Umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako, na bado hujaona! Mzee anajifungia chumbani. Anajitazama kwenye kioo. Ameacha chakula kizito, anakunywa uji ili tumbo lirudi. Ana leso! Anaongea polepole! Mtu wa miaka yake, mjane, ghafla anaongea polepole?

Baba amependa.

Mimi nimezunguka dunia, mambo haya nayajua kuliko ninavyojua nyaya. Mwanamume akipenda ukubwani huwa anaanza na kioo. Ya pili ni leso. Ya tatu ni kuukasirikia muziki, kwa sababu muziki unamsema. Swali langu ni moja tu: ni nani? Ni yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona? Ni yule mama wa duka la dawa? Kama ni wa duka la dawa mimi naunga mkono, tutapata vidonge vya kichwa kwa bei ya ndugu.

Baba, kama unasikiliza (Pini, hapa soma kwa sauti ya heshima), mimi mwanao sina kinyongo. Mlete kwenye tamasha. Mketishe kwenye mkeka, umpe aisikrimu ya bure, kisha upande jukwaani umpigie tarumbeta ukimwangalia yeye tu. Hakuna mwanamke wa duka lolote la dawa atakayepona hapo. Halafu umtabasamulie, Baba. Lile tabasamu lako kubwa lililomteka mama yetu siku ya zawadi za kiwanda. Meno yote nje!

Jina sijalifuta. Siwezi kulifutia jina pendo la watu.

Mkuu wa Sauti,
Honi

Tarehe 30 Aprili

Kaka,

Hii usiisome mbele ya vijana wako wa nyaya. Naiandika kwenye karatasi ya kukatia kola, Baba anadhani niko kazini. Utaniona nimekawia. Nilikuwa nimeapa kutokuandika haya, na kiapo nilikuwa nimekishika vizuri mpaka ulipoandika "meno yote nje".

Hiyo sehemu sikuisoma. Nilisoma kuhusu mvua na shoti, nikakunja. Baba akaniuliza, "Mbona karatasi ndefu na habari fupi?" Nikasema una mwandiko mkubwa.

Honi, Baba hana meno ya juu. Yaling'olewa Januari, safu yote ya mbele. Yalikuwa yanalegea mwaka mzima, naye akiyaficha, akipiga tarumbeta huku yanamuuma. Daktari wa meno amempa ya bandia, meupe kama ya mtangazaji wa televisheni. Hayakai. Akiongea haraka yanashuka. Siku moja alijaribu kupuliza, nikiwa natia vifungo kwenye mashati. Meno yakaruka, yakagonga tarumbeta, yakatumbukia kwenye kopo langu la vifungo vyeupe. Tukachambua kopo zima, sote wawili tumepiga magoti. Mimi nilicheka, kidogo tu. Yeye hakucheka. Aliyaosha, akaisukuma tarumbeta chini ya kitanda, akaniambia, "Honi asijue. Huyo akijua nitakuwa kichekesho mpaka kaburini, na kaburini atakuja na spika."

Halafu ikafika barua yako ya geti la shule.

Hakuna mwanamke wa duka la dawa. Kuna glasi ya maji nyuma ya kitanda, imefunikwa na kitambaa, na kuna baba yako ambaye hali na sisi mezani tena. Kanisani anakaa nyuma. Rafiki zake wa bendi wakija ananituma niseme amelala.

Sasa umejua. Na yeye asijue kwamba umejua.

Pini

Tarehe 12 Mei

Mdogo wangu,

Salamu.

Hii ni barua ya nne, tatu nimezichana. Kila moja nilianza vizuri, na kufika katikati mkono ulikuwa umeshaandika kichekesho wenyewe, bila kuniuliza.

Fanya hivi. Mwambie Baba tu nawataka kwenye bustani, mje kusikiliza. Jina lake nitalibandikia karatasi juu. Sitataja kinywa, sitataja kitu chochote cheupe. Nikishindwa, nichome na pasi.

Mbusu Kibogoyo. Mwambie lile jina lina heshima kubwa sana.

Honi

Tarehe 27 Mei

Kaka,

Shikamoo. Ulivyoandika kwa ufupi nilidhani umelazwa.

Baba amekubali, si kwa ajili yako. Kibogoyo amesema bila Babu haendi, akalala sakafuni kabisa akashika mguu wa meza. Tofi za bure zinamfanya aote ndoto. Watakuja wawili. Mimi sitoki, shule zinafunguliwa na nina sare za darasa zima bila mikono.

Masharti ya Baba: anakuja kusikiliza tu, asiitwe jukwaani, asipigwe picha. Ya kwangu: usimwangalie mdomoni. Wewe ukijua siri uso wako unakuwa kama dirisha la duka.

Wapokee kituoni. Wape maji kwanza, ndipo ujisifu.

Pini

Tarehe 17 Juni

Pini mdogo wangu,

Keti. Zima cherehani. Mimi ni mzima, mzigo wako wa mashati nimeupata, moja limefungika, hongera. Baba na mtoto watakuwa wamekwisha fika, lakini najua hawajakueleza sawasawa, maana mmoja ana miaka sita na mwingine ni Baba.

Niliwapokea kituoni. Maji nikawapa. Baba alikuwa na leso yake, na begi lake refu lile la kahawia ambalo wewe na mimi tunajua hutiwa nini. Juu alikuwa ametandika taulo. Sikuuliza. Pini, mimi sikuuliza! Nilishika ulimi mpaka ukafa ganzi. Na ili nisimwangalie mdomoni, nikawa namwangalia paji la uso. Njia nzima. Mwisho akasema, "Kuna nini kwenye paji langu?" Nikamwambia paji zuri, Baba.

Bustani ilijaa. Mikeka, vigari vya watoto, mabibi na miavuli, akina baba wamebeba watoto mabegani kama magunia. Foleni ya tofi ilizunguka bwawa la bata. Kibogoyo alipanga foleni, akachukua, akavaa kofia yangu akapanga tena, akageuza sweta akapanga mara ya tatu. Damu yangu kabisa.

Wale vijana wa kwanza wakapanda, nikawasha, spika zikaunguruma vizuri sana, watu wakageuka kuuliza fundi ni nani. Halafu jenereta ikazimika. Sababu ni ya kitaalamu, huwezi kuielewa.

Ukimya, Pini. Bustani nzima na hakuna kitu. Magitaa yale ya umeme bila umeme ni mbao tu. Mimi nimeinama kwenye jenereta, nimelowa jasho, waandalizi wamesimama nyuma yangu wakipumua. Watoto wakaanza kulia kwa zamu. Watu wakaanza kukunja mikeka.

Sasa rudi kwa Baba. Amekaa kwenye mkeka, Kibogoyo anamlazimisha tofi. "Kula, Babu. Mimi sina meno na nakula. Unaiacha tu ilainike." Mtu mzima atamkatalia vipi? Akaitia mdomoni. Tofi zile, dada, ni gundi iliyotiwa sukari. Taya zikashikana, za juu na za chini, kimya.

Na hapo hapo mwanao akasimama juu ya kiti cha mtu, akapiga kelele: "Babu yangu ana muziki usiotaka umeme!"

Kila mtu akageuka. Mwandalizi mmoja akaruka mikeka mpaka kwao. "Mzee, unapiga kweli?" Baba akataka kusema hapana. Hakuweza, mdomo umefungwa. Akapunga mkono kukataa, watu wakadhani anawasalimu, wakashangilia. Akatikisa kichwa, wakasema mzee mnyenyekevu huyo. Akina baba wawili wakamshika makwapa, mtoto kabeba begi, na mimi nainua kichwa kwenye jenereta namwona baba yangu yuko jukwaani, kafumba mdomo, macho yanatafuta mlango.

Ningeweza kupanda kumtoa. Nilinyanyua mguu. Lakini nilimwona akiitazama tarumbeta ambayo Kibogoyo alikuwa ameshaitoa kwenye taulo, na ile tarumbeta, Pini, ilikuwa imeng'arishwa. Mtu aliyeacha haing'arishi. Nikaurudisha mguu.

Akaiweka mdomoni. Sauti ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe aliyekanyagwa mkia. Watoto wakacheka. Ya pili ikawa bora. Ya tatu nikaona nyusi zake zinapanda, kama mtu aliyesukuma mlango akakuta haujafungwa. Meno hayatikisiki! Tofi imeyashika! Akakaza miguu, akapiga ule wimbo wa kutoka zamu, ule wa bendi ya sabuni, na nakuambia spika zangu zote zingekuwa zinafanya kazi ningezizima. Mikeka ikakunjuliwa. Bata wakatoka majini. Watu waliokuwa wanaondoka wakarudi wakicheza kinyumenyume.

Na kwenye ile sauti ya mwisho, ile ndefu ya juu, tofi ikayeyuka.

Meno yakatoka. Yakaanguka kwenye mkono wake, na tofi imening'inia. Bustani nzima iliona.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa baya. Watu walikuwa wanamhurumia, na Baba akiwa katikati yao, leso iko kwenye mkeka mbali. Ndipo Kibogoyo pale pale kando yake akageukia watu, akatanua mdomo mpaka masikioni kuwaonyesha pengo lake. Mtoto mwingine wa mbele naye akaonyesha lake. Na mwingine. Watoto wa miaka sita wote wako hivyo, si unajua, bustani nzima ilikuwa mageti ya shule siku ya likizo.

Baba akawatazama. Akayainua meno juu, na tofi yake. Akasema kwa sauti, bila maikrofoni, kila neno likitoka na mvua: "Daktari wa meno alishindwa miezi mitano! Mwambieni akasomee kwenye kiwanda cha tofi!"

Pini, vicheko vilivyotoka hapo. Mama mmoja alikaa chini ya jukwaa akishindwa kuinuka.

Halafu akanigeukia mimi, mbele ya watu wote. "Na wewe kwenye jenereta! Tangu kituoni unanitazama paji la uso. Ulikuwa unajua. Sema basi, Honi, utapasuka!"

Kwa mwezi mzima nilikuwa navikusanya vichekesho. Vizuri, vya daraja la juu, vingine nilivijaribu kwa vijana wa nyaya mpaka wakanisihi niache. Nikafungua mdomo.

Hakuna hata kimoja kilichotoka. Nilisimama pale na kopo la dizeli mkononi, nikilia kama mtoto aliyenyimwa aisikrimu. Msichana mmoja mdogo akaniletea ya kwake.

Kaka yako,
Honi

Tarehe 29 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Sababu ya kitaalamu tumeielewa: ulisahau dizeli. Baba ameelewa kabla sijamaliza mstari.

Barua yako niliisoma kwa sauti, yote. Ilinichukua jioni mbili kwa sababu Baba alikuwa ananikatiza. Anasema hakuwa ng'ombe, alikuwa ndama. Anasema bata hawakutoka majini, walikuwa nje tangu mwanzo. Anasema ulilia zaidi ya ulivyoandika. Yote haya ameyasema mezani akiwa anakula, na akicheka anaacha mdomo wazi kama mjukuu wake wa miaka sita.

Rafiki zake wa bendi walikuja Jumapili. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema amelala, akatoka mwenyewe, akawapa mkono, kisha akayatoa meno akawaonyesha. Wawili kati yao nao wakatoa ya kwao wakayaweka mezani. Miaka yote hiyo, Honi, wote walikuwa wanafichana. Daktari atayakaza ya Baba wiki ijayo. Mpaka hapo ututumie tofi, zile zile, si nyingine. Anafanya mazoezi nazo, nyumba nzima inanata, sare za darasa la pili zimeshikana mikono.

Glasi imetoka nyuma ya kitanda. Iko dirishani, jua linaipiga, na wapita njia wanaisalimia.

Kingine ni hiki. Anasema vile vichekesho vyako vya mwezi mzima ni vyake na anavitaka. Viandike vyote, na mimi nisome nisiruke. Nimemwambia wewe kwa sasa umeishiwa. Akasema hapana, anakujua, viko njiani.

Amekwisha vuta kiti. Amekaa.

Pini